Majibu ya Ng'ambo

Nilikuwa nimeinama juu ya beseni la vyombo, nyuma ya jiko la chuo, nilipomsikia Nyanzobe akiimba. Sauti ilitokea dirishani, kwenye redio ya mpishi wetu Tereza, redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke. Mikono yangu ilikuwa na majivu hadi kwenye viwiko. Sikuinuka. Mstari wa kwanza ulipanda taratibu, kama mtu anayepandisha mlima na ndoo kichwani na hataki kumwaga hata tone, na kabla haujaisha nilijua kwamba ule ni wimbo wetu.

Kisha ikafika zamu yangu, na hapakuwa na kitu.

Lilikuwepo gitaa tu, chini chini, limeshikilia sauti moja. Nilidhani redio imekatika. Tereza naye alidhani hivyo, maana nilimsikia akiipiga kofi. Halafu Nyanzobe akarudi na mstari wa pili, akauliza swali lake, na baada ya swali pakawa kimya tena.

"Huyu binti mbona anaimba kama kuna mtu anamsubiri?" Tereza alisema peke yake humo ndani.

Midomo yangu ilikuwa inatembea. Nilikuwa naziba zile nafasi moja baada ya nyingine, bila kutoa sauti, huku maji ya vyombo yakipoa.

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka 1995, na mimi nilikuwa na miezi michache tu katika chuo cha ualimu upande wa Kagera. Mwanza nilikuwa nimeiacha mwezi Septemba, wiki ileile ambayo kaseti ya kwanza ya Nyanzobe ilirekodiwa. Ilikuwa iwe kaseti yetu sote wawili.

Tulikutana kwenye kwaya ya parokia. Mimi nilitoka Isamilo, kwenye nyumba za mashirika ya umma, zenye bustani na maji ya bomba. Yeye alitoka Kiseke, ambako wakati huo palikuwa na ng'ombe wengi kuliko mabati, na alikuwa akifika kanisani na viatu mkononi, akavivaa mlangoni. Jina lake kamili lilikuwa Nyanzobe Shimba. Aliimba sauti ya kwanza, mimi ya pili, na kwa kuwa tulikuwa warefu kuliko wenzetu tuliwekwa nyuma, bega kwa bega. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo mdogo katikati, kama kitambaa kilichoshikwa na msumari. Mwalimu wa kwaya alijaribu kuuondoa akashindwa. Venant ndiye aliyemwambia auache.

Venant alipiga gitaa kanisani, na Jumamosi mchana alipiga kwenye hoteli moja ya ufukweni. Chumbani kwake Kirumba alikuwa na santuri alizoachiwa na mjomba wake aliyesoma Marekani, na ndizo zilizotufundisha muziki wa soul. Tulikaa sakafuni, mlango wazi ili majirani wasiseme maneno, tukasikiliza watu weusi wa mbali wakiimba kwa lugha tuliyoielewa nusu.

"Msiwaige," Venant alitwambia. "Sikilizeni tu wanavyochelewa. Neno liko tayari mdomoni, lakini halitoki mpaka anayesikiliza aanze kupata wasiwasi. Soul ndiyo hiyo. Kuchelewa makusudi."

Nyanzobe alilielewa hilo siku ileile. Mimi lilinichukua muda. Mimi nilikuwa mtu wa kuwahi.

Wimbo wa "Ng'ambo" tuliupata kwa bahati. Tulikuwa tumekaa juu ya majabali ya ziwani, Kirumba, tumeanika kanga, upepo ukachukua ya Nyanzobe ukaitupa majini. Akasimama akapiga ukelele kwa Kisukuma. Upande wa pili wa kijighuba kile palikuwa na mwanamke anafua. Hatukumwona uso. Alisikika tu akijibu, kwa utulivu kabisa, "Nimeiona. Inakuja huku." Tulizunguka ufukwe mzima kuifuata, na njiani Nyanzobe alikuwa tayari anauimba ule ukelele wake, mara polepole, mara polepole zaidi. Aliimba kuita. Mimi nikatunga kuitikia.

Yeye aliimba: upepo umechukua kanga yangu, imeingia majini. Mimi nilijibu: nimeiona, inakuja huku.

Yeye: wameniuliza jina lako, sikuwaambia. Mimi: waambie tu, huku wananiita kwa jina lako.

Na mwisho yeye aliuliza, na hapo ndipo ule mkwaruzo ulipokuwa ukijitokeza wenyewe: nikinyamaza, utanisikia? Nami nilijibu kwa mstari nilioutafuta wiki nzima, nikiupima njiani kwenda sokoni na kurudi: ukinyamaza ndipo nakusikia vizuri.

Chenge alitusikia tukiimba kwenye harusi. Alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Makoroboi, alianza na mitumba, kisha mipaka ilipofunguliwa akaingia kwenye kaseti. Alikuwa na mashine za kunakili na alinakili kila kitu, nyimbo za Zaire, za Nairobi, mahubiri, vichekesho. Lakini alitaka awe na kaseti ambayo ni yake mwenyewe tangu mwanzo. Alimtazama Nyanzobe akasema, "Jina hilo litanisumbua madukani. Kwenye kaseti utaitwa Queen." Kisha akanigeukia. "Na wewe ubaki Koku. Queen na Koku. Namleta fundi kutoka Nairobi na mitambo yake, tunalekodi siku tatu, anaondoka."

Tulicheka njia nzima kwa namna alivyosema "tunalekodi." Tulicheka kwa sababu tulikuwa na furaha ambayo hatukujua pa kuiweka.

Mwezi uleule shirika la baba yangu lilifungwa. Mzee Cleophace Byabato alikuwa mhasibu katika shirika moja la pamba, na watu wa mashirika walikuwa wameambiwa tangu mapema kwamba wakati unabadilika, ila kila mmoja aliamini utabadilika kwa wengine. Aliendelea kunyoa ndevu kila asubuhi na kuvaa shati la kazini. Alikaa sebuleni nalo mpaka jioni. Nyumba ilikuwa ya shirika, na tulikuwa tumeshaanza kufunga vitu vya kuhamia vyumba vya kupanga Buzuruga.

Aliniita Ijumaa mchana. Mama yangu Josepha alikuwa jikoni na sikusikia sufuria hata moja ikigongana, ndipo nikajua kwamba anasikiliza.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa, Kokulinda." Akangoja nikae. "Baba mdogo wako padri ameleta habari. Kuna binti amejitoa kwenye chuo cha ualimu. Nafasi ni yako ukiripoti Jumatatu. Isipokuwa hivyo wanampa mwingine."

"Baba, Jumatatu ndiyo tunaanza kurekodi."

Aliangalia ukuta ambako picha zilikuwa zimeshatolewa, zikabaki alama nyeupe za mraba.

"Najua unaimba," alisema. "Siku ya Pasaka nilitoka nje nikajifanya nakohoa. Haikuwa kikohozi." Akanyoosha mkunjo wa shati. "Lakini nina watoto watano, na wewe ndiye wa kwanza. Mwalimu bado anaajiriwa. Sisemi zaidi ya hapo. Sikukatazi kuimba. Nikikukataza utapata mtu wa kumlaumu maisha yako yote, na mimi sitaki kuwa mtu huyo. Amua mwenyewe."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi kuliko sala. Mpaka leo sijui kama baba alinipa uhuru au aliniondolea. Angefoka, huenda ningekimbilia Makoroboi nikaimba kwa hasira, na soul inabeba hasira vizuri. Lakini alikaa mbele yangu na shati lake la kazini lililopigwa pasi, akaniachia mlango wazi, nami nikaona wadogo zangu wanne wamesimama kwenye huo mlango.

Jumamosi nilikwenda Kiseke. Nyanzobe na mama yake walikuwa wanapepeta mpunga uani. Nilimsalimu mama, nikakaa, nikachukua ungo wa tatu nikaanza kupepeta nami, kwa sababu nilishindwa kuanza kusema mikono ikiwa mitupu. Nilipomaliza kueleza, Nyanzobe aliendelea kutikisa ungo wake. Mama yake alinyanyuka akaenda kuangalia ndama ambaye hakuwa na shida yoyote.

"Fundi hawezi kungoja?" niliuliza.

"Chenge ameshalipia mitambo. Na chuo?"

"Hakiwezi."

Alipuliza makapi kwenye ungo. "Basi nenda."

"Mchukue Precious wa kwaya. Anaujua wimbo wote, ametusikia mara nyingi. Mfundishe majibu."

"Precious ana sauti yake," alisema. "Nafasi yako nitaiacha."

Nilielewa kwamba ananiwekea nafasi katika kikundi, kwamba nikimaliza chuo nitarudi tukaendelea. Nilishukuru. Nilimwambia hatutachelewa sana. Hakunisindikiza stendi Jumapili alfajiri, na nilipokuwa ndani ya basi nikivuka kivuko cha Busisi nilijiambia kwamba yuko kanisani.

Likizo ya Desemba ndipo nilipopata habari kamili. Kaseti ilikuwa imeenea mji mzima. Ilipigwa sokoni, saluni, kwenye vibanda vya kukaanga samaki, na vile vituo vipya vya redio vya watu binafsi, vilivyokuwa na njaa ya kitu chochote kipya, viliipiga asubuhi na mchana. Mtangazaji mmoja alimwita Nyanzobe "msichana aliyethubutu kunyamaza." Nilikwenda Kirumba kwa Venant, naye akaniwekea maji ya kunywa na kunisimulia, akiangalia gitaa lake badala ya kuniangalia mimi.

Chenge alikuwa amefunga magodoro kwenye kuta za stoo yake. Nyimbo zote zilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye "Ng'ambo." Precious alikuwa amesimama tayari, amevaa gauni lake la Krismasi. Nyanzobe akasema wimbo huu ataimba peke yake. Aliimba mstari wa kwanza, kisha akageuza uso kwenye godoro akakaa kimya kiasi kilekile cha jibu langu, kisha akarudi. Fundi alisimamisha mkanda akadhani amesahau. Wakaanza upya, akafanya vilevile. Chenge aliingia akasema hakuna mtu atakayenunua kimya, kimya watu wanacho majumbani kwao bure. Precious alianza kulia.

"Nyanzobe alimwomba radhi Precious," Venant alisema. "Kwa Chenge hakuomba. Alimwambia tu, 'Pale pana mtu. Hayupo, lakini pana mtu.' Mimi nikaona nishike sauti moja ya gitaa nisiiachie, ili pasije pakaonekana kama shimo. Sikuwa na la kufanya zaidi."

Nilimkuta Nyanzobe siku ya pili kwenye duka la Chenge. Alikuwa amevaa viatu vya kisigino na hakuwa amevizoea. Tulikumbatiana muda mrefu. Watu walikuwa wakipita wakimwita Queen naye akigeuka kila mara, bado hajajifunza kutogeuka.

"Fundi anarudi kabla ya mwaka mpya," aliniambia. "Chenge amekubali. Wewe njoo siku moja tu, uimbe majibu, tuyachomeke. Atatoa kaseti upya. Queen na Koku, kama tulivyosema."

Siku moja. Chuo kilikuwa kimefungwa. Baba asingesema neno. Hapakuwa na kitu chochote kati yangu na stoo ile yenye magodoro, isipokuwa barabara.

Lakini nilikuwa nimeshausikia ule wimbo. Nilikuwa nimemsikia Tereza akiuliza binti anamsubiri nani, nimewaona wanawake sokoni wakiacha kupima dagaa pale kimya kinapofika, kopo likiwa limesimama hewani. Niliogopa. Niliona kwamba watu wameshampenda yule asiyekuwepo, na nikiingia na sauti yangu ya kawaida, sauti ya pili ya kwaya, watasema ah, kumbe alikuwa huyu tu.

"Nikimaliza chuo," nilimwambia. "Nikimaliza nitaimba kwa raha, bila haraka."

Alinitazama. Nadhani alielewa kila kitu. Alikuwa hodari wa kusikia kilicho chini ya maneno, ndiyo kazi iliyompa jina.

"Sawa, Koku," alisema, kisha akayarudia maneno yangu kama yalivyo. "Nikimaliza chuo."

Mwezi Mei meli ilizama karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba. Sitayaeleza yale. Kila mwenye umri wangu aliyekulia ziwani ana majina yake anayoyataja kimya kimya, na mimi ninayo ya binamu wawili. Chuoni tulikaa sakafuni bwenini, wasichana wa Kihaya, wa Kikerewe, wa Kisukuma, na redio zilipiga nyimbo za dini siku nyingi. Kisha kituo kimoja kikapiga "Ng'ambo." Sijui nani aliamua. Nyanzobe akauliza, nikinyamaza utanisikia, na katika ile nafasi iliyofuata msichana mmoja aliyefiwa na mama yake akajibu kwa sauti ndogo, "Nakusikia." Wenzake wakamfuatia. "Tunakusikia." Hawakuimba. Walisema tu, kama watu wanaoitika msibani.

Nilipokwenda Mwanza niligundua kwamba ilikuwa hivyo kila mahali, kana kwamba watu walikubaliana. Kwenye matanga, kwenye misa za marehemu, vijana wa kwaya waliuimba wimbo ule, na pale pa jibu watu wote waliitika, tunakusikia, tunakusikia. Wimbo ulioanzia kwenye kanga iliyopeperushwa ulikuwa sasa umebeba watu hao wote. Kuuchomekea sauti yangu baada ya hapo kungekuwa kama kuingia msiba wa watu na kuomba kiti cha mbele.

Nilimaliza chuo, nikapangiwa shule ya msingi Nansio, kisiwani Ukerewe. Mshahara wangu ulisomesha wadogo zangu wote wanne, na mmoja wao leo ni daktari. Hilo silijutii na sitalijutia. Nyanzobe alihamia Dar es Salaam. Kaseti yake ya pili niliinunua bandarini na kuisikiliza nyumbani mchana kutwa, nimefunga madirisha. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na vinanda, ngoma za mashine, wasichana watatu wa kuitikia wenye sauti laini kama siagi. Hapakuwa na nafasi hata moja iliyoachwa.

Mwaka 1999 alikuja Nansio. Alipanga onyesho la mchana, Jumapili baada ya misa, katika ukumbi ulio karibu na gati. Nilikwenda na mume wangu, Mihayo, mwalimu mwenzangu, na nusu ya wanafunzi wa darasa langu walikuwa nje wamebanana madirishani. Tulikaa nyuma, karibu na mlango. Mihayo alijua kwamba niliwahi kuimba na Nyanzobe kwenye kwaya. Hakujua zaidi ya hapo, na kosa halikuwa lake.

Nyanzobe alikuwa amenenepa kidogo, na amejifunza kuvaa viatu vile vya kisigino. Aliimba nyimbo mpya, watu wakacheza. Kisha akawapumzisha wapigaji wote, akabaki Venant peke yake na gitaa, naye Venant alikuwa na mvi. Ukumbi ulijua. Watu walisimama.

Upepo umechukua kanga yangu, aliimba, imeingia majini. Tunakusikia, ukumbi ukajibu. Wameniuliza jina lako. Tunakusikia. Mwanamke mbele yangu aliimba amefumba macho, mkono juu ya kifua. Mihayo aliimba. Watoto madirishani waliimba. Nilikuwa mtu pekee aliyenyamaza katika ukumbi ule, kwa sababu maneno niliyokuwa nayo mdomoni yalikuwa mengine.

Kwenye mstari wa mwisho Nyanzobe alichelewa. Alichelewa kuliko alivyopata kuchelewa, swali limeshatoka na gitaa limeshikilia, na macho yake yalikuwa yakitembea juu ya vichwa vya watu, safu kwa safu, yakija nyuma. Nilivuta pumzi. Naapa nilivuta pumzi. Na ukumbi ukatangulia.

Baadaye nilimkuta nje, amekaa kwenye spika kandokando ya lori, anakunywa soda. Mihayo alituacha, akaenda kusalimiana na Venant.

"Nilikuona," Nyanzobe alisema. "Umekaa karibu na mlango kama mwenye deni."

"Nilijua umeniona."

"Nilikungoja pale."

"Najua. Wakanitangulia."

Alicheka kidogo, bila ubaya. Alizungusha chupa mkononi. Miaka yote ile ilikuwa imekaa kati yetu juu ya lile spika na hakuna aliyejua aianzie wapi.

"Majibu yako bado unayakumbuka?" aliuliza.

"Yote."

"Lile la mwisho niambie."

Nilifungua mdomo. Lilikuwa tayari, limekuwa tayari miaka minne. Lakini akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu, harakaharaka, kama mtu anayezuia kikombe kisimwagike.

"Hapana, acha," alisema. "Usiniambie. Nikilisikia leo sitaweza kuuimba tena na hawa watu."

Nikafunga mdomo. Tukakaa. Vijana wakaja kuomba spika, tukasimama, tukaulizana habari za wazazi. Baba yake alikuwa amefariki, wangu alikuwa anafuga kuku Buzuruga na bado ananyoa kila asubuhi. Akanikumbatia, akapanda lori kuelekea gatini.

Mihayo aliniuliza njiani tulizungumza nini. Nikamwambia habari za nyumbani. Mbele yetu wasichana wa darasa langu walikuwa wanatembea wameshikana mikono, wakiimba "Ng'ambo," na mmoja aliyekuwa anaitikia alikuwa anaanza juu mno, sauti inamkatikia katikati. Nilimwita. Nikamwambia aanze chini kidogo, asiwe na haraka.

Akaanza tena.